Mashua Kavu ya Tunduma

Jumapili, 9 Novemba 2003

Mashua imefika leo. Imevuka mpaka juu ya lori la mahindi, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnadani, na afisa wa forodha aliizunguka mara mbili akitafuta aiandike kwenye safu ipi ya fomu yake. Mwishowe akaandika: "Chombo cha burudani, kimoja, chakavu." Sikuona cha kumsahihisha.

Ina urefu wa hatua zangu tano, mabenchi matatu, makasia mawili, na ubavuni imeandikwa MUTENDE kwa rangi nyeupe. Hiyo ni salamu ya Kibemba, maana yake amani, au afya njema. Ilikuwa ya nyumba ya wageni kule Mpulungu, Ziwa Tanganyika. Watalii waliitumia kuzungukazunguka tu, bila kuvua wala kubeba mzigo. Nyumba ile ilifungwa, na mashua ikalala bandani miaka sita.

Ninaeleza haya kwa sababu tangu asubuhi majirani wananiuliza swali moja: katika mji ambao maji hupita barabarani juu ya mikokoteni, ndani ya madumu ya kuuzwa, Mwalimu Yonasi na mashua wapi na wapi?

Jibu ni Kefa. Nimefundisha naye miaka thelathini na mmoja, yeye jiografia, mimi sayansi. Mwezi wa nane daktari wa macho huko Mbeya alimwambia kwamba presha ya macho imekula pembe zote za uono wake, na kwamba dawa ya matone itapunguza mwendo tu, haitarudisha kilichokwenda. Kefa akauliza amebakiwa na muda gani. Daktari akasema pengine mpaka kiangazi kijacho. Tulipokuwa kwenye basi la kurudi nilimuuliza angependa kuona nini. Nilidhani atasema wajukuu walioko Dodoma.

Akasema, "Ziwa Rukwa. Kutoka katikati."

Kefa amezaliwa Ivuna, kwa wapika chumvi, akaondoka huko ana miaka saba. Mama yake hakumruhusu kugusa mtumbwi hata siku moja. Maisha yake yote ya kazi amewachorea watoto ziwa hilo ubaoni kwa chaki ya buluu, na hajawahi kulikalia juu. Mitumbwi ya wavuvi ni myembamba mno, na mtu wa miaka sitini na saba asiyeona pembeni ataipindua kabla haijaondoka matopeni. Ndiyo maana nikatafuta mashua pana.

Barabara ya kuteremka bondeni hupitika mwezi wa tano, matope yakikauka. Nina msimu mmoja wa mvua.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeizunguka mashua mara sita. Sijafanya lolote.

Jumapili, 16 Novemba

Namna ya kutafuta tundu kwenye mashua iliyo nchi kavu ni rahisi. Unaipindua juu ya mawe manne, jua likiwa utosini, kisha unaingia chini yake. Mwanga unapopenya ndipo maji yatakapopenya.

Tulilala chini yake mimi na Kefa, chali, kila mmoja na chaki yake. Mashua hii imejengwa kwa mbao zilizokaa ubavu kwa ubavu, na katika kila maungio niliona mstari wa jua kama uzi. Nilihesabu ishirini na miwili.

"Mimi naona mitatu," Kefa akasema.

"Geuza kichwa."

"Nikigeuza naona mingine mitatu, ile ya kwanza imeondoka."

Tukacheka. Kisha hatukucheka. Aliniambia ni kama kuchungulia ndani ya bomba la baiskeli: kilicho mbele anakiona vizuri kabisa, hata nywele za pua yangu, ambazo alisema ni aibu kwa mtu aliyesoma. Nikaanza kumweleza jinsi mshipa wa jicho unavyobanwa, akanikatiza kama alivyokuwa akinikatiza ofisini kwa walimu.

"Yona, sayansi inataka kujua kwa nini. Jiografia inataka kujua wapi. Usinieleze kwa nini. Niambie tundu liko wapi nilichore."

Teresia, mke wangu, akainama na kutuchungulia. "Wazee wawili chini ya mashua. Mnaangua mayai?"

Jumatatu, 24 Novemba

Katika mji huu hakuna fundi wa mashua. Kuna mafundi wa malori. Nimekwenda kwa Shadrack, ambaye ananyoosha bodi na kuziba mashimo kwa puti, uji mzito unaoganda kama jiwe, nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuingia Zambia. Alikuja, akaigonga Mutende kwa vidole mbele na nyuma.

"Mwalimu, bodi ni bodi. Puti yangu inakaa kwenye Skania inayotoka Lubumbashi na kokoto zote zile. Itashindwa kukaa kwenye hiki kibakuli?"

Nilimuuliza ikishaganda inakuwaje. Alitoa mfukoni kipande kilichoganda, akakiweka juu ya jiwe na kukipiga nyundo. Hakikupasuka. Tukakizamisha kwenye kopo la maji saa nzima. Hakikunywa hata tone. Mimi ni mtu wa ushahidi, nikaridhika.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua ya kwanza. Imekuja wakati wa kutoka kanisani, na mji mzima ukatoa ndoo, sufuria, mabeseni.

"Baba Grace," Teresia akasema, "dude lako hilo lisogeze chini ya mchirizi wa bati lijae. Linaingia madumu mangapi?"

"Arobaini," nilijibu, nikajuta kujibu.

"Arobaini! Halafu mimi kila siku nabishana na watu wa mikokoteni!"

Nilimweleza kwamba mbao zikilowa huoza. Nikamweleza kuhusu kuvu, inavyoingia kwenye nyuzi za mti, kwa muda mrefu kiasi kwamba maharage yaliungua. Kesho nanunua turubai.

Jumanne, 2 Desemba

Turubai limefungwa. Mutende haipati hata unyevu wa umande.

Jumatatu, 8 Desemba

Puti, maungio matano. Shadrack anachanganya, mimi nasindilia kwa kisu. Kefa amekaa kwenye kigoda anatoa hukumu.

Ijumaa, 19 Desemba

Mvua siku nne mfululizo. Nimefungua turubai, nimelifunga tena. Kefa asema naitunza mashua kama bibi harusi na kwamba hatimaye nitaivalisha soksi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Grace amepiga simu kutoka Dar. Ameuliza kama ni kweli baba yake amenunua meli.

Jumanne, 6 Januari 2004

Maungio yote ishirini na mawili yamezibwa, yamesuguliwa kwa msasa, yamepakwa rangi. Leo tumeijaribu. Badala ya kuipeleka majini, unayaleta maji ndani yake: kama hayatoki, hayataingia. Nilinunua madumu kumi, watu wa mikokoteni wakanishangaa. Tukamimina, tukangoja saa nzima kwa saa ya mkononi.

Matone mawili tu, karibu na nyuma. Shadrack alicheza kidogo. Kefa aliinamisha uso mpaka karibu na ubao, akautazama kwa lile tundu lake dogo la uono, sehemu baada ya sehemu, kama mtu anayesoma gazeti la zamani.

"Mwezi wa tano," alisema.

"Mwezi wa tano," nikasema.

Tukayamwaga maji kwenye mapipa ya Teresia, nami nikaikausha mashua kwa matambara.

Jumamosi, 17 Januari

Sikutulia na yale matone mawili. Nikasema tuijaribu siku nzima.

Saa mbili asubuhi tuliijaza. Mpaka saa sita, vizuri. Saa nane nilipapasa ubavu na kukuta puti imetokeza nje ya maungio kama ulimi. Nilidhani vidole vinanidanganya. Saa tisa na nusu tulisikia mlio, kama mtu aliyekanyaga kijiti kikavu. Ubao wa tatu kutoka chini ulikuwa umepasuka kwa urefu wa mkono wangu, na maji yakatoka kwa uzi mnene, bila haraka, yakachora mto mdogo mpaka mlangoni kwa Teresia.

Shadrack anasema mbao ni mbovu. Mimi nasema alikosea kuchanganya.

Jumapili, 18 Januari

Sikwenda kanisani. Nimekwangua sehemu zilizotokeza, nimezichimba zaidi, nimeweka puti nyingi zaidi. Kwenye ubao uliopasuka nimejaza puti mpaka ndani. Jua la saa mbili lilipotoka nilifungua turubai ili ikauke kabisa. Kukausha ndiko kila kitu.

Jumapili, 25 Januari

Jaribio. Nusu siku. Imevuja mahali papya, shibiri moja kutoka pale pa zamani.

Jumatano, 28 Januari

Puti.

Jumapili, 1 Februari

Jaribio. Imevuja mahali pengine papya. Nikiziba hapa inafunguka pale, na kila mara ni kando ya mahali nilipoziba vizuri zaidi. Hili linanisumbua kama swali ambalo nimewahi kulisahihisha na sasa silikumbuki jibu lake.

Kefa aliinuka kuja kuona. Hakuliona kopo la puti lililokuwa kando ya mguu wake, akalipiga teke, lote likamwagika mchangani. Ilikuwa ya mwisho. Nilimwambia, na naandika maneno yangu kama yalivyokuwa, "Kefa, kaa pale. Unaharibu."

Akarudi kwenye kigoda. Baada ya muda akasema jua linamuumiza macho, akaenda nyumbani.

Jumatano, 4 Februari

Kefa hajaja tangu Jumapili. Amenuna.

Jumatatu, 9 Februari

Mvua. Puti haigandi vizuri kwenye unyevu. Kefa hajaja. Mtu mzima ananuna kwa sababu ya kopo.

Jumamosi, 14 Februari

Leo nimeizunguka mashua mpaka Teresia akaniambia nimechimba njia. Ni kweli, kuna njia. Kefa hajaja. Akitaka kuona ziwa, atakuja.

Ijumaa, 20 Februari

Teresia amerudi sokoni akaweka kapu chini bila kulitua vizuri, nyanya zikabingirika, na hakuziokota.

"Umekwenda kwa Kefa lini?" akaniuliza.

"Yeye ndiye hajaja."

"Nimekutana na Conjesta." Conjesta ni mke wa Kefa. "Kefa amegongwa na lori."

Nilisimama. Akaona uso wangu akaongeza haraka: si lori lenyewe, ni kioo chake cha pembeni. Kilimpiga begani akaangukia mtaroni. Ni siku kumi na saba zilizopita. Bega limeteguka, mfupa haukuvunjika. Alimkataza mkewe asiniambie.

Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara kuu. Nilikwenda bila kofia, mvua ikinyesha. Foleni ya malori ilikuwa imesimama upande mmoja, na upande wa pili yalikuwa yanashuka kuelekea Mbeya, moja moja, kwa kasi. Niliposimama pale kusubiri nilijaribu kutengeneza bomba kwa ngumi yangu, nikachungulia humo kwa jicho moja. Barabara ilikuwa tupu kabisa. Kisha lori likajaa kwenye ngumi yangu. Halikutoka popote.

Kefa alikuwa sebuleni, mkono umefungwa kwa kanga ya Conjesta.

"Nilidhani umenuna," nilisema.

"Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilikuja."

"Hukufika."

"Nilifika mpaka barabarani." Akacheka kidogo, bega likamuuma, akaacha. "Yaliyosimama nayaona, Yona. Yanayokuja yanatokea hewani."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ungekuja kunieleza."

Nilikaa naye mpaka chai ikapoa. Aliponyoosha mkono achukue kikombe, vidole vilipita kushoto kwake, vikarudi, vikakipata. Mwezi wa kumi na moja havikuwa vinapita kushoto.

Nikirudi nilihesabu hatua kutoka lango lake mpaka langu: mia nne na kumi. Kwa siku kumi na tisa nimeizunguka mashua kwa ajili yake na sikutembea hatua mia nne na kumi. Nilikuwa nimeanza kumwona kama kitu cha tatu kinachonichelewesha, baada ya mvua na puti.

Jumamosi, 21 Februari

Nimemfuata Kefa, nimevuka naye, nimemrudisha. Tutafanya hivi kila siku. Ameshika kiwiko changu, si mimi niliyemshika. Asema akishikwa anajiona kama mbuzi.

Jumamosi, 6 Machi

Nimepata habari dada yangu amefariki, Itumba. Naondoka kesho kwa basi la kwanza. Turubai nimelifunga vifundo viwili viwili. Nimemwambia Teresia asiguse kitu. Conjesta atamvusha Kefa.

Jumapili, 21 Machi

Nimerudi leo saa nane mchana.

Langoni nilikuta wanawake watatu wakitoka na ndoo kichwani, wakaniamkia kwa furaha mno. Ndani walikuwepo wengine. Turubai lilikuwa limekunjwa juu ya banda la kuku. Mutende ilikuwa imesogezwa chini ya mchirizi wa bati, imejaa maji mpaka ukingoni, na majani ya mpera yalikuwa yanaelea juu yake. Teresia alikuwa amesimama kando yake na kata, anagawa. Kefa alikuwa kwenye kigoda, mkono mmoja umezama majini mpaka kwenye kiwiko, kama mtoto.

Nilipiga teke ndoo ya jirani. Naliandika hili kwa aibu. Nilisema maneno mengi: miezi minne, mbao, kuvu, kuoza, mwezi wa tano. Nilimwambia Teresia kwamba ameua kitu cha pekee ambacho Kefa alikiomba. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Teresia aliningoja nimalize. Yeye ni mtu wa kungoja mtu amalize.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa angalia chini."

Sikuelewa.

"Siku ya kwanza," alisema, "maji yalimwagika kama kwenye chekecheke. Nikasema potelea mbali, mvua si ya kununua. Siku ya pili yakatoka kidogo. Siku ya nne nikafagia uwanja, na chini ya mashua yako vumbi likapanda. Angalia chini, baba Grace."

Nilipiga magoti nikiwa bado na suruali ya msibani. Madumu arobaini ya maji yalikuwa juu ya kichwa changu, na chini karibu pote palikuwa pakavu. Maungio yale ambayo sikuwahi kuyafikia vizuri kwa puti, yale ya chini kabisa karibu na mkuku, ule uti wa mashua, ambayo niliyaonea haya kwa kazi yake mbaya, yalikuwa yamebana kama midomo ya mtu aliyekataa kusema. Palipovuja ni mahali pawili tu. Pote pawili palikuwa na puti yangu, ile iliyosindiliwa vizuri kuliko zote.

Nilibaki nimepiga magoti. Kila mwaka, darasa la tano, nilijaza maharage makavu kwenye chupa, nikaongeza maji, nikaziba kwa kizibo. Asubuhi watoto walikuta chupa imepasuka, wakashangilia. Niliwaandikisha: vitu vya mimea vikinywa maji huvimba, na nguvu ya kuvimba ni kubwa. Mashua hii ilikuwa imekaa kavu miaka sita. Mbao zake zilikuwa zimesinyaa, na mwanga ule tuliouona ulikuwa nafasi ya mbao kupumulia tu. Ilihitaji maji, siku tatu nne. Mimi nikazijaza nafasi zile jiwe la kuzibia malori, kisha nikashangaa mbao zilipokosa pa kwenda na kupasuka. Na nilipokuwa nikiikausha kwa matambara na kuifunika turubai, nilikuwa naitengeneza ivuje.

"Ni ile chupa ya maharage," nilisema kutoka chini.

"Usinieleze," Kefa akasema, mkono wake bado umo majini. "Inavuja wapi?"

Nikamwonyesha. Kisha nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi wanawake wale na mwenye ndoo.

Jumapili, 28 Machi

Amekuja Makoye, Msukuma anayefuga ng'ombe bondeni Momba na kuwaleta mnadani. Alikuja kuomba maji, kwa maana habari za mashua ya Mama Grace zimefika mpaka mnadani. Nilimpa, nikamweleza mambo yote ya kuvimba na kusinyaa, polepole, kwa lugha nyepesi, kwa kuwa nilimwona ni mtu wa ng'ombe. Alisikiliza kofia ikiwa mkononi.

Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, nakushukuru. Mimi nimezaliwa Kome, kisiwani, Ziwa Victoria. Baba yangu alikuwa akitengeneza mitumbwi ya mbao."

Kefa alicheka mpaka akashika bega lake.

Makoye alipitisha kidole kwenye puti. "Nani ameweka mawe haya?"

"Mimi."

"Ah." Alifikiri namna ya kulisema bila kuniumiza. "Ni kazi safi sana. Itoe yote."

Kwao wanatumia pamba. Inasokotwa kama utambi, inapakwa shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa na nta, kisha inasindiliwa kwenye maungio bila kujaza sana. Ubao ukivimba, pamba inakubali kubanwa. Ubao ukisinyaa, inatanuka. Shahamu anayo. Ubao uliopasuka uwekewe kiraka cha bati juu ya pamba, misumari midogo.

"Hautapona kabisa," alisema. "Utalia kidogo. Lakini mtafika."

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Tumekwangua puti siku kumi na tatu. Shadrack alikuja akakuta nabomoa.

"Mwalimu! Unavunja kazi yangu?"

"Yetu," nilisema. "Na ilikuwa nzuri. Ndiyo maana inachukua siku kumi na tatu."

Alisimama, akanuna, akavua shati, akaleta patasi yake. Amesema atatubeba bondeni kwa Kanta yake, lori dogo.

Jumamosi, 24 Aprili

Kefa ndiye anayesokota pamba. Amekaa uso kwa uso na mashua, macho amefumba kwa sababu asema yanamchanganya tu, na utambi unatoka vidoleni mwake sawasawa kuliko uzi wa dukani. Nilimwambia hivyo.

"Tangu lini unasifu bila kueleza?" akaniuliza.

Jana alimwaga chai mara mbili. Conjesta asema jioni hupapasa ukuta. Lile bomba la baiskeli sasa ni mrija wa soda.

Jumatatu, 3 Mei

Mvua zimeisha. Kila asubuhi naenda kusimama kando ya barabara kuwauliza madereva habari za bondeni. Matope. Matope. Matope.

Jumamosi, 8 Mei

Matope.

Jumatano, 12 Mei

Dereva wa lori la mchele amesema panapitika. Tunaondoka Ijumaa.

Ijumaa, 14 Mei, Kamsamba

Tumesafiri kutwa. Mashua haikutakiwa kukauka njiani, kwa hiyo tuliijaza maji robo na kuifunika magunia mabichi, na kila kijiji tulisimama kuyalowesha. Mahali fulani kijana wa kuuza miwa alipanda kuchungulia, akapiga kelele kuwaita wenzake: "Hawa wazee wanapeleka maji ziwani!" Kefa alimwambia yaliazimwa, tunayarudisha.

Makoye ametupokea. Kesho upepo utakuwa mkali, amesema. Keshokutwa.

Jumamosi, 15 Mei

Upepo. Nimekwenda kuitazama mashua mara tisa.

Jumapili, 16 Mei

Tuliondoka ukingoni mwa ziwa saa moja na nusu asubuhi, Makoye kwenye makasia, Kefa benchi la mbele, mimi nyuma na kopo la kuchotea. Shadrack alikataa kupanda. Alisema bodi si bodi, sasa anajua.

Maji ya Rukwa ni ya rangi ya chai yenye maziwa mengi. Makoye alizunguka mbali na mahali pa viboko, kisha akapiga makasia polepole kuelekea kati. Mimi nilikuwa natazama kiraka. Kwa dakika kumi palikuwa pakavu. Kisha kikatoka kishanga kimoja cha maji, kikakaa, kikaanguka. Kingine. Nilianza kuvihesabu kwa saa. Kishanga kila sekunde sita, kisha kila tano. Nilijiuliza ni msumari au ni pamba. Nikainama zaidi.

"Yona."

"Naam."

"Mbona unaongea na sakafu?"

Kumbe nilikuwa nahesabu kwa sauti.

Niliinua kichwa. Makoye alikuwa ameacha makasia. Ukingo tuliotoka ulikuwa mstari mwembamba. Kefa alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, uso unageuka kidogo kidogo, unasimama, unageuka tena, kama mtu anayepitisha tochi ndani ya ghala kubwa. Ziwa lote lilikuwepo, na yeye alikuwa akiliokota kwa mrija.

"Nasikia mabawa," alisema. "Siyaoni."

"Ni mwari, wale ndege wa mfuko mdomoni. Wanakuja asubuhi kwa sababu samaki hupanda juu wakati maji..."

"Yona."

Nikaweka kopo chini.

"Kushoto kwako," nilisema. "Zaidi. Umepita, rudi kidogo. Sasa juu, upana wa kiganja. Hapo."

Uso wake ulitulia. Mwari walikuwa kama sitini, weupe, wanashuka mmoja nyuma ya mwingine. Aliwatazama wote wakishuka. Vidole vyake vilikuwa vinachora kwenye goti.

"Milima ya Ufipa?"

"Mbele, kulia kidogo. Ni ya buluu. Anzia chini kwenye maji, panda."

"Ivuna?"

Makoye akaonyesha kwa kidevu. Nikamgeuza Kefa kwa mabega, taratibu kwa ajili ya lile bega. "Nyuma yetu, pale penye moshi mmoja. Moshi, chini yake mnazi... hapana, si mnazi, ni mvumo. Chini yake ndipo."

"Ninaona moshi," alisema. "Mvumo nauona." Kisha akaongeza, "Kumbe huku ni mbali na kule kwa kiasi hiki. Nilikuwa nikipachora karibu mno."

Nilimwonyesha viboko, masikio tu, upande wa mashariki. Nilimwonyesha mtumbwi wa mvuvi, wavu wake, mkono wake alipotupungia. Nilimwonyesha mahali mto Momba unapoingia, rangi mbili za maji zikipakana bila kuchanganyika. Sikueleza kwa nini hazichanganyiki. Nilisema wapi, na wapi, na wapi, mpaka sauti ikakauka, naye akageuka kila nilipomgeuza, na hakuna mahali alipopakosa.

Makoye alikohoa kwa adabu. "Walimu wangu, ni vizuri turudi."

Tulifika ukingoni maji yakiwa juu ya vifundo vya miguu. Kefa alishuka ameshika kiwiko changu, soksi zinachuruzika, suruali imemganda magotini. Alisimama mchangani akalielekea ziwa tena, ingawa kutoka pale hakuwa akiliona.

"Imevuja sana," akasema. "Ni kile kiraka, au ni mahali papya?"

Nilimwambia sijui. Sikuangalia.